Saga, Wimbi na Mursik: Vyakula vya Wakipsigis Katika Hoteli za Nchi ya Chai

Mgeni anayetaka chakula cha Waluo jijini Nairobi huelekezwa kwa jina la mtu. Ataambiwa aende Ranalo kwa K'Osewe, au kwa Mama Oliech, ambako Mark Zuckerberg aliketi kula samaki Septemba 2016. Akiulizia chakula cha Wakipsigis, wenyeji wa nchi ya chai ya Kericho na Bomet, hapati jina. Ataambiwa afunge safari hadi Kericho, Litein au Bomet, aingie hoteli yenye ubao ulioandikwa "kienyeji", aagize. Mapishi haya yametunzwa na akina mama wa hoteli za sokoni ambao magazeti hayana desturi ya kuwaandika, na kwa maoni yangu historia ya chai ndiyo inayoeleza kwa nini imekuwa hivyo.

Kabla ya chai, shamba la Mkipsigis lilikuwa la wimbi. Wimbi ndio uliosongwa ukawa kimyet, yaani ugali, ndio uliopikwa uji, ndio uliochachushwa ukawa pombe ya kunywewa kwa mirija mirefu kutoka chungu kimoja. Kando yake palikuwa na maziwa, mboga za porini, na mara kwa mara damu ya ng'ombe, iliyokingwa baada ya mshipa wa shingo kudungwa kwa mshale. Asali ilitoka kwa Waokiek wa msitu wa Mau. J. G. Peristiany, aliyechapisha kitabu chake kuhusu Wakipsigis mwaka 1939, aliwakuta wakati mengi ya haya yalikuwa bado hai, ingawa ardhi ilikuwa imeshaanza kuwaponyoka.

Mwaka 1919 serikali ya kikoloni iliwagawia maofisa Waingereza waliolemazwa vitani maelfu ya ekari za Kericho walime kitani. Mradi ukaanguka upesi. Kampuni za chai zikaingia, Brooke Bond ikitangulia katikati ya miaka ya 1920 na James Finlay ikifuata, na vilima vikageuka kijani cha aina moja. Wachumaji wengi wa mwanzo walikuwa Waluo, Wagusii na Waluhya. Walilipwa mshahara, na juu yake wakapewa posho, yaani unga wa mahindi. Mahindi yalikuwa rahisi kupima, kusafirisha na kusaga, na soko lake lilikuwa palepale mashambani mwa chai, kwa hiyo hata jirani asiyechuma jani akaanza kuyapanda. Kwenye misheni za Tenwek na Litein pombe ya wimbi ilihubiriwa kuwa dhambi, hivyo sababu moja kubwa ya kulima wimbi ikadhoofika. Ugali mweupe ukawa chakula cha kila siku. Wimbi ukabaki wa uji wa watoto na wa mzazi aliyetoka kujifungua.

Katika miaka ya 1950 Brooke Bond ilijenga Tea Hotel mjini Kericho, jengo lenye uwanja wa nyasi zilizokatwa vizuri na veranda ya kutazamia chai. Chakula cha wenye nchi kilipikiwa kwingine, kwenye vibanda vya mabati karibu na stendi na soko, na huko ndiko historia yenyewe ya mapishi iliko.

Ugumu wa vyakula hivi kwa mwenye hoteli ni muda. Chukua saga, mboga ya majani ambayo Wakipsigis huiita isagek. Ni chungu. Huchemshwa, maji yakamwagwa, ikatiwa maziwa au malai, ikaachwa ilale. Kesho yake hupashwa moto na kuongezwa maziwa, na ndipo uchungu unapogeuka ladha. Sahani inayoletwa mezani saa saba mchana kwa dakika mbili ilianza safari jana, na mpishi anayekadiria vibaya hana la kumwambia mteja ila "imeisha".

Mursik, maziwa yaliyochachushwa kibuyuni, inadai subira zaidi. Kibuyu, sotet, huoshwa na kukaushwa. Kijiti cha mti wa senetwet huchomwa mpaka ncha iwe kaa, kisha kaa hilo husagwa kwenye kuta za ndani kwa sosiot, fimbo ndefu iliyopondwa ncha ikawa kama burashi. Maziwa yaliyochemshwa na kupoa humiminwa, kibuyu kikafunikwa na kuachwa siku kadhaa, hata wiki. Kabla ya kumimina hutikiswa, na kinachotoka kina madoadoa ya kijivu yanayoelekea samawati. Hoteli nyingi hazina nafasi ya vibuyu ishirini, hivyo hununua kwa mama wa kijijini anayeleta asubuhi, au kwa wauzaji wa mursik ya chupa za plastiki. Hii ya chupa mimi siipendi.

Kula kilichoungua si ajabu ya Kericho peke yake. Watausug, Waislamu wa visiwa vya Sulu kusini mwa Ufilipino, huchoma nazi mpaka iwe nyeusi, wakaitwanga na viungo na kupikia mchuzi wa nyama uitwao tiyula itum. Kwa miaka mingi ulikuwa chakula cha harusi na sikukuu, na watu wa Manila walivijua visiwa hivyo kwa habari za vita kuliko kwa mapishi. Waliobadilisha hali hiyo ni wapishi wachache wenye asili ya kusini waliofungua migahawa mjini, wakaweka jina la kabila kwenye orodha ya vyakula na kumweleza mteja kwa nini mchuzi ni mweusi.

Nchini Kenya kazi ya namna hiyo imefanywa zaidi na watafiti. Mwaka 1999 Patrick Maundu na wenzake walichapisha kitabu cha mimea ya asili inayoliwa. Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta ametumia miaka mingi kuzirudishia heshima mboga za kienyeji kama managu, saga na kunde. Mwaka 2021 UNESCO iliutambua mradi wa Kenya wa kuhifadhi vyakula vya asili kuwa mfano wa kuigwa. Mradi huo uliegemea Waisukha wa Kakamega na Wapokoti. Wakipsigis hawakuwamo.

Mursik kwa upande wake ilipata mtangazaji asiyetarajiwa, yaani riadha. Kericho ndiko alikozaliwa Wilson Kiprugut, aliyeiletea Kenya medali yake ya kwanza ya Olimpiki, Tokyo 1964. Siku hizi mwanariadha akirudi na ushindi hunyweshwa mursik kwenye uwanja wa ndege mbele ya kamera, na Mkenya ambaye hajawahi kufika nchi ya Wakipsigis anakitambua kibuyu.

Hoteli nazo zilipata msukumo kutoka shambani. Septemba 2011 ugonjwa wa kuangamiza mahindi ambao Kenya haikuwa imeuona uligunduliwa Longisa, Bomet. Mashamba yalikauka kabla ya kukomaa, na wakulima wakashauriwa wapumzishe mahindi, wapande viazi, maharagwe na mboga. Ushauri huo uliwaonyesha watu wa Bomet hatari ya kutegemea mahindi peke yake. Leo kwenye ubao wa hoteli ugali wa wimbi huandikwa mbali na ule mweupe, na kwa kawaida huuzwa ghali kidogo.

Yeyote atakayejitokeza kuwa mpishi wa jina wa vyakula hivi atakutana na swali gumu la afya. Bomet ina saratani ya umio kwa wingi usio wa kawaida, na hospitali ya Tenwek imeitibu kwa miongo mingi. Utafiti uliochapishwa 2013 ulipima mursik ukakuta kemikali ya asetaldehaidi inayotokana na uchachu, ukaitaja mursik kuwa mshukiwa mmojawapo, bila kuitia hatiani. Mpishi makini angefuatilia usafi wa kibuyu na siku za kuchachusha, jambo ambalo akina mama hodari hulifanya tayari. Mwaka 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani nalo liliviweka vinywaji vya moto unaozidi nyuzi 65 kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani hiyohiyo. Katika hoteli za Kericho chai ingali inaletwa ikitokota, na sijasikia mteja akiomba ipoe kwanza.