Ulinganifu wa Hatimaye

Ulinganifu wa hatimaye ni hali ya mfumo wa kompyuta nyingi ambamo nakala za taarifa moja huruhusiwa kupishana kwa muda, mradi zije kulingana mabadiliko yakishazifikia zote. Mfumo wa namna hii hukubali kutoa jibu lililochakaa kidogo kuliko kukaa kimya.

Chai ya Kiriaini, kwenye barabara ya Murang'a kwenda Othaya nchini Kenya, inafafanua jambo hili vizuri. Karani wa kituo cha kununulia majani hupima kwa mizani ya kielektroniki, mkulima akapewa risiti. Mtandao ukipotea, majani hayangoji. Yakirundikwa hupata joto yakaharibika. Mizani inayofaa mazingira hayo huhifadhi uzani papo hapo na kuupeleka kiwandani mtandao ukirudi. Kwa saa hizo chache hesabu ya kituo na ya kiwanda hazilingani, na hakuna anayeumia, maana malipo hujumlishwa kwa mwezi.

M-Pesa, huduma ya pesa kwa simu iliyoanza Machi 2007, haina nafasi hiyo. Wakala wa Kiriaini na wa Othaya wakisoma salio lilelile kutoka nakala mbili zinazopishana, pesa zinaweza kutolewa mara mbili. Hapo ni heri muamala ukatae.

Mwanasayansi wa kompyuta Eric Brewer alilisema hilo mwaka 2000, na wenzake Seth Gilbert na Nancy Lynch wa fani hiyo wakalithibitisha 2002: mawasiliano baina ya kompyuta yakikatika, ulinganifu kamili na upatikanaji haviwezi kudumu pamoja. Amazon, katika mfumo wake wa Dynamo uliotangazwa 2007, ilichagua upatikanaji. Kapu la mteja lilipokea bidhaa daima, ingawa iliyokwisha kufutwa iliweza kuibuka tena.

Tukija kwenye istilahi zenyewe za Kiswahili, neno “upatikanaji” halina shida. Kila mwenye simu Kenya amewahi kuambiwa kuwa mteja hapatikani, hata vijana wakimwita asiyepatikana “mteja”. Penye utata ni “usahihi”, linalotumiwa na baadhi ya waandishi mahali pa “ulinganifu”. Uzani ulio kituoni ni sahihi. Haujafika kiwandani tu. “Uthabiti” nalo huashiria kutoyumba, si kufanana kwa nakala. Kuhusu “hatimaye”, linafaa kuliko “baadaye”, kwa sababu “baadaye” huahirisha tu ilhali “hatimaye” huahidi mwisho. Hata hivyo halitaji muda: sekunde mbili na siku mbili zote zimo ndani yake, hivyo kila mfumo hulazimika kuutaja wake kando.