Raha ya Mwaloni na Sahani ya Busawe

Msikilizaji, mkazi wa mjini akisikia neno ufukwe hufikiria minazi na maji ya chumvi. Mkoa wa Mara hauna minazi hiyo, lakini ufukwe unao. Jina la Musoma lenyewe latokana na neno omusoma, yaani rasi, ardhi iliyoingia majini. Hapo watu hupunga upepo wa jioni kando ya miamba, wakila sato wa kukaanga kwa ugali, ndimu na pilipili. Ni raha ambayo nami naipenda.

Hata hivyo, leo nataka tuitazame raha hiyo kutoka Busawe, wilayani Serengeti, ambako ziwa halionekani. Huko ziwa hufika ndani ya gunia, likiwa dagaa mkavu. Tangu zamani watu wa bara walikuwa na nafaka, wa ufukweni walikuwa na samaki, na kila upande ulimhitaji mwenzake, hasa mwaka wa njaa. Kwa hiyo ufukwe haukuwa mali ya wanaouona tu.

Uhusiano huo ulianza kutikiswa na mambo yaliyoamuliwa mbali. Nyavu za kiwandani zililetwa Ziwa Victoria mwaka 1905, na sato wa asili wakaanza kupungua. Mwaka 1927 na 1928 mtaalamu Mwingereza, Michael Graham, alilipima ziwa, na katika taarifa yake akaonya juu ya kuleta samaki mkubwa mla wenzake. Onyo halikuzingatiwa. Katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960 sangara alipandikizwa ziwani.

Kufikia miaka ya 1980 sangara alikuwa amelitawala ziwa. Furu, wale samaki wadogo wa aina mamia, walipungua mno na aina nyingi zikatoweka. Viwanda vilijengwa Mwanza na Musoma, minofu ikapelekwa Ulaya, na wenyeji wengi wakabaki kununua mapanki, yaani vichwa na mifupa. Tuseme kweli: sangara alileta ajira, akajenga nyumba na kusomesha watoto. Lakini mwaka 1999 Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wetu kwa hofu ya sumu, mvuvi ambaye hajawahi kuiona Ulaya alitambua kuwa riziki yake ilikuwa mikononi mwa watu wa huko.

Aliyebaki na mwananchi wa kawaida ni dagaa. Huvuliwa usiku kwa taa, huanikwa juani, hakai kwenye barafu, na hupimwa kwa kopo. Ndiyo maana anaweza kufika Busawe. Hata yeye sasa ana mshindani, kwani sehemu kubwa ya dagaa husagwa kuwa chakula cha kuku.

Na hapa ndipo raha ya ufukwe inapoingia. Dagaa anahitaji mchanga au vichanja vya kuanikia. Mchanga huo ndio unaotamaniwa na wenye hoteli na kumbi za starehe. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Ni sheria nzuri, mradi isiwe kali kwa mama mwenye kichanja na laini kwa mwenye ukuta wa matofali.

Sisemi watu wasistarehe. Mji usio na mahali pa kupumzikia huchosha wakazi wake. Nasema halmashauri zinapopanga fukwe, zitenge kwanza eneo la kuanikia dagaa na njia ya kufikia maji, ndipo zigawe viwanja vya starehe. Mgeni akikosa kiti ufukweni atahamia ufukwe mwingine. Mtoto wa Busawe akikosa dagaa, atakula ugali kwa mboga ya majani peke yake, na hatajua ni nani aliyemnyang'anya kitoweo.