Kasisi wa Hospitali na Kazi ya Majonzi

Lugha yetu haina neno moja la kumtaja mtu wa dini aliyewekwa hospitalini, gerezani au jeshini kuwaangalia walio katika dhiki. Twasema kasisi wa hospitali, padri wa jeshi, na kila mara hatuna budi kutaja mahali ili tueleweke. Lugha kadhaa za Ulaya zina neno lake, na asili yake ni vazi. Kisa cha kale chasimulia kwamba Martin, askari wa Kirumi wa karne ya 4, alimkuta maskini akitetemeka kwa baridi katika lango la mji wa Amiens, akalikata joho lake kwa upanga, akampa nusu. Wafalme wa Wafaranki walilitunza joho lililosemwa kuwa ni lile, na makasisi walioliangalia wakaitwa kwa jina la joho. Jina ni zuri, walakini kwa karne nyingi kasisi wa namna hii alikuwa msemaji. Aliomba, aliungamisha, alizika. Mgonjwa na mfiwa walisikiliza. Nataka kueleza jinsi zamu hiyo ilivyogeuka nchini Marekani.

Aliyeanza kuigeuza alikuwa amelazwa mwenyewe. Anton Boisen, mzaliwa wa Bloomington, Indiana, mwaka 1876, alisomea elimu ya misitu, kisha akaiacha akaingia katika utumishi wa kanisa. Mwaka 1920, akikaribia umri wa miaka 44, akili yake ilivurugika, akatiwa katika hospitali ya wagonjwa wa akili katika jimbo la Massachusetts. Alikaa humo zaidi ya mwaka. Aliandika baadaye kwamba madaktari hawakuwa na desturi ya kuzungumza na wagonjwa juu ya yaliyowapata, na wahubiri waliofika hawakuyajua mambo ya wale waliowahubiria. Mwaka 1924 akawa kasisi wa hospitali ya Worcester, katika jimbo lilo hilo, na kiangazi cha 1925 akapokea wanafunzi wa kwanza wa uchungaji. Aliwatia wodini wafanye kazi ya kuwahudumia wagonjwa. Hoja yake ilikuwa kwamba mtu aliyepondeka ni kitabu kilicho hai, na anayesomea dini amsome kwa uangalifu uleule anaosomea maandiko.

Mwaka 1933 Russell Dicks alianza ukasisi katika Hospitali Kuu ya Massachusetts, mjini Boston, akishirikiana na daktari Richard Cabot. Kitabu chao juu ya sanaa ya kuwahudumia wagonjwa kilitoka mwaka 1936. Dicks alikuwa na desturi ya kuyaandika mazungumzo baada ya kutoka kwa mgonjwa. Ni desturi ndogo, lakini ni kioo kisicho na huruma: anayedhani kuwa amefariji aweza kuona karatasini kwamba karibu maneno yote yalikuwa yake mwenyewe.

Kisha ukaja moto. Usiku wa tarehe 28 Novemba 1942, ukumbi wa starehe wa Cocoanut Grove mjini Boston uliteketea, wakafa watu 492. Miongoni mwa waliotazama hali ya wafiwa na walionusurika alikuwamo Erich Lindemann, daktari wa maradhi ya akili katika Hospitali Kuu hiyo. Makala yake ya mwaka 1944 ilitokana na watu 101, wengine wakiwa wafiwa wa misiba mingine. Alieleza kwamba majonzi huja kwa mawimbi, kila wimbi likidumu dakika 20 hata saa nzima: koo hubana, pumzi hukatika, chakula huwa kama mchanga kinywani. Mfiwa hujilaumu kwa makosa madogo, na huwakasirikia hao hao wanaomtunza. Lindemann aliyaita haya kazi, maana mfiwa ana jambo la kutenda: kuachana na aliyekufa na kujizoeza dunia asimokuwamo. Alikiri kwamba watu wa dini walitangulia kuwashughulikia wafiwa, ila akasema kuwa faraja pekee haitoshi.

Neno hilo latugusa. Nimeketi matangani mara nyingi, nami nimesikia mfiwa akinyamazishwa kwa upole na watu wampendao: usilie, ni kazi ya Mungu. Anayesema hivyo hana ubaya. Hawezi kustahimili kilio tu. Lakini matanga yenyewe yana hekima kuliko maneno tuyasemayo humo, kwani watu huketi pamoja naye siku kadhaa wala hawamwachi peke yake. Lindemann alidhani kwamba mazungumzo 8 au 10 katika wiki 4 hadi 6 yangetosha kwa majonzi ya kawaida. Hapo aliharakisha mno. Mjane wa pwani angalimkosoa bila utafiti wowote: eda peke yake ni miezi 4 na siku 10.

Boisen alifariki mwaka 1965 katika mji wa Elgin, Illinois. Mwaka huo huo, karibu na hapo, mjini Chicago, wanafunzi wanne wa uchungaji walimwendea daktari Elisabeth Kübler-Ross wakitaka kujifunza juu ya kifo. Daktari akatafuta mgonjwa aliye karibu kufa azungumze nao. Katika hospitali kubwa ile aliambiwa kwamba hayumo. Hatimaye akampata mzee mmoja, naye alikuwa tayari kusema papo hapo, akamkaribisha aketi. Daktari akamwambia kwamba angerudi kesho pamoja na wanafunzi. Waliporudi, mzee hakuwa na nguvu ila za maneno machache. Alimshukuru daktari kwa kujaribu, na saa moja haikutimia akafa.