Mayai Yaliishia Wapi?

Uliza mtu Ifakara: Pasaka ya watoto ilianzia wapi? Jibu liko tayari mdomoni: ililetwa na wamisionari. Jibu jepesi namna hiyo hunitia shaka. Tarehe, ibada na matawi ni vyao, sibishi. Lakini nguo mpya, pilau, soda na disko toto, navyo vilishuka na misheni?

Nilianza na miaka. Misheni ya Kwiro, kule juu Mahenge, ilianzishwa mwaka 1902 na watawa wa Kijerumani. Vita Kuu ya Kwanza ikawaondoa, na mwaka 1921 wakaja Waswisi. Ujerumani, mtoto husaka mayai ya rangi yaliyofichwa. Habari za sungura anayeyaleta ziliandikwa huko tangu 1682. Uswisi nako mayai yapo. Watu wa mayai wamepokezana bonde hili la Kilombero, mbona mtoto wa Ifakara hatafuti yai?

Vitabu vya ubatizo havisaidii. Kipindi cha Pasaka kurasa hujaa: jina, wazazi, msimamizi, tarehe. Basi. Karani wa misheni hakuwa na safu ya michezo wala ya chakula. Nani basi aliyetazama sahani?

Hapo nikageukia jikoni. Ulaya ya zamani, Kwaresima ilikataza nyama na mayai pia. Kuku hawakufunga, mayai yakarundikana, na Pasaka ilipofika yakawa ya watoto. Huku, yai lilikuwa la kuatamiwa au kuuzwa, na jamii nyingi za Tanzania zilimkataza mtoto kulila. Samaki aliruhusiwa, na Mto Kilombero una kambale na perege. Kilichokosekana siku za mfungo ni nyama. Nadhani nyama ndiyo iliyokalia kiti cha yai, ingawa hati ya kuthibitisha sina. Ila kwa nini ipikwe ndani ya pilau, chakula cha pwani?

Nguo mpya iliyoshonwa kwa siku hiyo, pilau, mtoto kunyoosha mkono kwa wakubwa apewe sikukuu yake: yote haya mtoto wa Kiislamu anayajua kwa Idi. Sahani hupita uani kwenda kwa jirani, na sahani haiulizi dini. Hata disko toto huchezwa sikukuu zote mbili. Baada ya watoto kufa katika msongamano ukumbini Tabora, Idi ya mwaka 2008, marufuku zimekuwa zikitangazwa kabla ya Idi na kabla ya Pasaka vilevile. Marufuku ya namna hiyo si yetu peke yetu: Marekani, sheria ya 1876 iliwazuia watoto kubingirisha mayai katika viwanja vya Bunge. Mwaka 1878 Ikulu ikawafungulia vyake. Wa kwetu, disko likifungwa, hufunguliwa uwanja gani?

Na hii yote bado ni Pasaka ya mjini. Sikukuu huangukia kati ya Machi 22 na Aprili 25, katikati ya masika. Familia nyingi za bondeni huwa zimehamia vibandani mashambani, na mpunga ukianza kukomaa, watoto ndio waamiaji wa ndege. Kabla ya daraja la Mto Kilombero, wa ng'ambo, upande wa Ulanga, alingoja pantoni kwenye mto uliofurika. Waliofika mjini wakavaa nguo mpya tunawajua, picha zao zipo. Siku hiyo mpunga uliamiwa na nani?