Braketi za Saspensheni ya Nyuma: Subaru Impreza kwenye Barabara za Mbarara

Braketi ya saspensheni ya nyuma ni kishikio cha chuma kinachofunga linki au stabilaiza kwenye mwili wa gari. Ya kiwandani huwa bati lililokunjwa kwa mashine, jepesi na la gharama ndogo. Zinazotengenezwa na kampuni nyingine kwa ajili ya gari za kasi ni nene zaidi, na baadhi huhamisha tundu la bolti juu au chini ili kubadili mkao wa linki. Makala haya yanahusu Subaru Impreza, aina za WRX na STI, gari ambalo Afrika Mashariki imelijua kupitia mbio. Patrick Njiru na msoma ramani wake Abdul Sidi walishika nafasi ya nne katika Safari Rally ya 1994 wakiwa na Impreza, Colin McRae akashinda Safari ya 1997, na Charles Muhangi wa Uganda akatwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999. Mbarara nayo ni mji wa mbio. Mashindano ya Pearl of Africa ya 2024, raundi ya Uganda katika ubingwa wa Afrika, yalifanyika huko.

Katika Impreza zilizotoka kati ya 1992 na 2007, kila gurudumu la nyuma hushikwa na linki tatu. Mbili hutoka katikati ya gari hadi kwenye habu. Ya tatu hutoka habu kwenda mbele hadi kwenye mwili, ikizuia gurudumu lisisukumwe nyuma. Juu kuna shokabu iliyovaa springi. Stabilaiza hupita chini kutoka upande mmoja hadi mwingine, ikishikwa na braketi mbili zenye bushi za mpira, na kazi yake ni kuzuia gari lisilale sana kwenye kona.

Braketi hizo mbili ndizo zinazoanza kuleta taabu mtu akishaweka stabilaiza nene zaidi. WRX nyingi za mwanzo wa miaka ya 2000 zilikuja na stabilaiza ya nyuma ya milimita 20. Ukakamavu wa chuma cha namna hii hupanda kwa kipeo cha nne cha kipenyo chake: cha milimita 22 ni kigumu kwa karibu asilimia 46 zaidi, na cha milimita 24 ni kigumu zaidi ya mara mbili. Mwenye gari anafurahia kona, huku bati lililopimiwa milimita 20 likibeba mzigo wote huo. Kwanza hupinda, kisha tundu la bolti hupanuka, mwishowe linachanika. Ukiweka braketi nene, mzigo haupotei, unahamia kwenye bolti na kwenye mwili wa gari. Braketi iliyopasuka hununuliwa nyingine, lakini mwili uliochanika ni kazi ya siku nyingi kwa fundi wa bodi. Kwa hiyo haifai kuchagua braketi kwa unene peke yake. Braketi nzuri ni pana pale inapogusa mwili, ili mzigo utawanyike.

Kabla ya hapo kuna swali ambalo wengi hulikwepa: stabilaiza nene inahitajika kweli? Biharwe iko kilomita kama 12 kutoka Mbarara mjini kwenye barabara kuu ya Masaka, penye kituo cha utamaduni cha Igongo. Barabara hiyo ina lami, na hapo stabilaiza nene ina faida. Ukichepuka kuingia kwenye murram, mambo hugeuka: gurudumu moja likipanda jiwe, stabilaiza ngumu hulivuta na la upande wa pili, tairi linapoteza mshiko na mkia unateleza. Timu za mbio za barabara za vumbi hupendelea stabilaiza laini, na wakati mwingine huifungua kabisa. Anayeiga Impreza za viwanja vya lami vya Japani halafu akapitisha gari lake kwenye murram analipia kitu kitakachomrudisha nyuma. Kwa gari la njia zote mbili, milimita 22 zinatosha, na wengi wangefaidika zaidi kwa kununua shokabu nzuri.

Kuhusu metali, alumini huvutia macho na haishiki kutu. Lakini chuma kina ukakamavu karibu mara tatu ya alumini, na alumini huchoka taratibu kwa mitikisiko hata kama kila mtikisiko ni mdogo. Tena alumini haichomelewi kwa mashine ya kawaida ya vijiti iliyozoeleka gereji za barabarani. Inataka mtambo wa gesi ya agoni na fundi aliyeuzoea. Kwa mtu wa Biharwe, chuma ndicho. Bolti ziwe zenye namba 8.8 au 10.9 kichwani, kulingana na za awali. Isiyo na namba iachwe dukani. Anayenunua spea zilizotumika, kwa mfano Kisekka mjini Kampala, akague tundu: likiwa la yai badala ya duara, braketi hiyo imekwisha kazi.

Kazi ya kufunga huanza na kuosha. Tope la murram likishakauka juu ya bolti huharibu nyuzi, kwa hiyo husuguliwa kwa brashi ya waya na kunyunyiziwa mafuta ya kulegeza kutu siku moja kabla. Gari hukaa juu ya stendi, kamwe si juu ya jeki peke yake, na magurudumu ya mbele hukingwa. Baadhi ya bolti za ndani za zile linki mbili zinazotoka katikati ya gari zina kichwa ambacho kitovu chake hakiko katikati, nacho hupanga mwelekeo wa tairi. Kabla ya kuzigusa, fundi huchora mstari wa rangi juu ya kichwa na mwili, ili kiweze kurudi pale pale. Asiyechora hurudi nyumbani na gari linalokula tairi.

Braketi mpya hukalishwa kwenye chuma kisafi kisicho na rangi iliyokunjamana. Bolti zote huingizwa kwa mkono kwanza, ndipo zikazwe kwa zamu, kwa kipimo cha kitabu cha gari. Kosa linalorudiwa sana liko kwenye bushi za linki. Mpira wa bushi hushikamana na bomba la ndani, na hujipinda linki inapopanda na kushuka. Ukikaza gari likiwa linaning'inia, mpira unafungwa katika mkao huo wa kuning'inia, na gari likishuka chini unabaki umejipinda muda wote. Bolti za linki hukazwa mwisho, uzito wa gari ukiwa juu ya magurudumu. Bushi za poliurethani hazina shida hiyo, ila hutaka grisi ya silikoni, na vumbi likiingia hulia kila tuta.

Mafundi wanaoinua gari kwa ajili ya njia mbovu, kama zile za Isingiro kuelekea makazi ya wakimbizi ya Nakivale, hukutana na tatizo jingine: mwili ukipanda, ile linki ya tatu inayokwenda mbele hulala kwa pembe kali na gurudumu huvutwa mbele. Braketi inayoshusha tundu la linki hiyo hurudisha pembe. Vipande vya kuinulia visivyo na braketi hiyo ni kazi nusu.

Baada ya kilomita chache za kwanza bolti hukaguliwa tena, kisha kila baada ya safari ndefu ya vumbi. Ufa mdogo hauonekani kwa jicho. Sehemu ya kuzunguka tundu hupakwa mafuta ya taa, hufutwa kwa kitambaa hadi ikauke, kisha hupakwa chokaa ya ubaoni iliyosagwa. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa hupanda na kuchora mstari mweusi kwenye weupe. Mstari ukitokea kwenye braketi, hubadilishwa. Ukitokea kwenye mwili, mwisho wa ufa hutobolewa tundu dogo ili usiendelee, kisha huchomelewa bati la kuimarisha lenye kingo za mviringo.