Dinosaria aliyezikwa na deraya yake

Mchana wa Machi 21, 2011, Shawn Funk alikuwa kazini na katapila lake katika mgodi wa Millennium, karibu na Fort McMurray, jimbo la Alberta, Kanada. Mgodi huo wa kampuni ya Suncor huchimba mchanga uliojaa lami, unaochujwa kupata mafuta. Katika miaka yake 12 ya kazi, Funk alikuwa amekutana na magogo yaliyogeuka mawe, lakini hajapata kuona mabaki ya mnyama. Siku hiyo yakaporomoka mabonge ya rangi ngeni, na moja lilikuwa na safu za viduara vya kahawia. Akasimamisha mashine na kumwita msimamizi wake.

Nasisitiza jambo hili kwa sababu sifa za ugunduzi mara nyingi huishia kwa wenye shahada. Mgodini kazi ni kuchota na kupakia. Angechota mara moja zaidi, mzigo ungekwenda kusagwa.

Sheria ya Alberta inayafanya mabaki kama hayo kuwa mali ya jimbo, kwa hiyo Makumbusho ya Royal Tyrrell yaliyoko Drumheller yaliarifiwa. Donald Henderson, mtaalamu wa dinosaria wa makumbusho hayo, alitarajia kukuta mtambaazi wa baharini, maana eneo lile lilikuwa chini ya bahari zamani na wanyama wa aina hiyo walishapatikana humo. Alipofika na fundi Darren Tanke, walikuta dinosaria wa nchi kavu mwenye deraya. Bonge kubwa, lenye uzito wa karibu tani saba, lilipoinuliwa lilivunjika vipande kwa uzito wake lenyewe. Walivifunga vipande hivyo kwa magunia yaliyolowekwa plasta, wakavisafirisha hadi Drumheller.

Hapo akaingia fundi Mark Mitchell. Kwa zaidi ya miaka mitano alitenganisha jiwe na ngozi kwa vifaa vidogo vyenye ncha kali, saa 7,000 kwa jumla. Agosti 2017, mtafiti Caleb Brown na wenzake walipomtangaza mnyama huyo rasmi kwa jina la Borealopelta markmitchelli, jina la fundi likawa sehemu ya jina la kisayansi. Heshima hiyo ilimstahili kabisa.

Kilichotoka ndani ya jiwe ni nusu ya mbele ya mnyama, kuanzia pua hadi nyonga. Akiwa hai alifikia urefu wa mita 5.5 na uzito wa kilo 1,300, yapata miaka milioni 110 iliyopita. Kwa kawaida dinosaria wa deraya akioza, mabamba yake hutawanyika, na watafiti hubaki kukisia lipi lilikaa wapi. Huyu mabamba yako mahali pake, yakiwa na mabaki ya ganda la nje la pembe, na magamba ya ngozi yamejaa katikati. Inaaminika mzoga ulielea hadi baharini, ukajaa gesi, ukapasuka na kuzama chali kwenye tope. Madini ya chuma yaliyojijenga haraka kuuzunguka yakawa kaburi ambalo wala mizoga hawakuweza kulifungua.

Kemia ya ngozi iliwaonyesha watafiti dalili za rangi nyekundu ya kahawia, iliyokolea mgongoni na kupauka kuelekea tumboni. Mpangilio huo humficha mnyama asionwe na adui. Tembo na kifaru wa leo hawana haja nao, kwa sababu wakishakua ni wachache wanaothubutu kuwashambulia. Ikiwa mnyama wa zaidi ya tani moja, aliyevaa miiba mabegani, bado alilazimika kujificha, basi dinosaria wala nyama wa zama zake walikuwa tishio la kweli.

Mwaka 2020 ikaja habari ninayoipenda kuliko zote: mlo wake wa mwisho. Tumboni mlikuwa na bonge la mimea, asilimia 88 ya mimea hiyo ikiwa majani matupu, hasa ya jamii ya madole. Vijiti vilivyochanganyika humo vilionyesha kuwa alikufa kati ya mwisho wa majira ya kuchipua na katikati ya kiangazi. Mlikuwamo pia vipande vya mkaa. Huenda alikuwa akila mahali palipoungua si muda mrefu nyuma, akichagua madole mabichi yaliyokuwa yakichipua tena baada ya moto.