Kabari ya vidole: miaka mingi ya kukitetea kiatu

Waliozikwa katika makaburi ya watawa wa Mtakatifu Augustino mjini Cambridge, Uingereza, walikuwa na kasoro ambayo wakulima wa jirani hawakuijua sana. Kidole gumba cha mguu kimelala upande wa wenzake, na kiungo kilicho nyuma yake kimetokeza nje kama nundu. Watafiti waliotoa ripoti yao mwaka 2021 walipekua mifupa ya watu 177 kutoka makaburi manne ya mji huo na viunga vyake. Kwa waliozikwa kwa watawa, kasoro ilifika asilimia 43. Kwa wanakijiji, kilometa chache tu kutoka hapo, asilimia 3.

Kilichowatenganisha ni kiatu. Karne ya 14 ilileta viatu vyembamba vilivyochongoka mbele, na mwenye nazo ndiye aliyevivaa. Mifupa ya karne ya 11 hadi ya 13 ilionyesha nundu hiyo kwa asilimia 6 tu ya watu. Ya karne ya 14 na 15, asilimia 27. Watawa, ambao kanuni ziliwataka wavae kwa kiasi, inaelekea hawakupenda kupitwa na wakati. Mambo yalizidi hata mwaka 1463, chini ya Mfalme Edward wa Nne, sheria ikatungwa kwamba ncha ya kiatu isizidi inchi mbili kwa asiye wa tabaka la juu.

Tukielewa nundu hiyo ni nini, tutaelewa pia kwa nini dawa yake imezunguka mno. Wengi hudhani ni mfupa mpya ulioota. Sivyo. Mfupa mrefu wa wayo ulio nyuma ya kidole gumba huanza kuelekea nje, upande wa mguu wa pili, huku kidole chenyewe kikisukumwa ndani, kuwaelekea wenzake. Kinachotokeza ni kichwa cha mfupa huo kilichoachwa peke yake. Kano zinazokinyoosha kidole nazo huhama njia yake, na zikishahama, kila hatua unayopiga inazidi kukivuta upande huo huo. Daktari Mjerumani Carl Hueter aliipa kasoro hiyo jina la kitaalamu la haluksi valgasi mnamo 1870. Na tuseme ukweli wote: kiatu si mkosaji peke yake. Kuna familia ambazo udhaifu wa kiungo hicho hurithiwa, na wanawake hupata nundu zaidi kuliko wanaume.

Miongoni mwa waliokisema kiatu mapema kwa hoja za anatomia alikuwa Petrus Camper, profesa wa Uholanzi, aliyetoa mwaka 1781 andiko zima juu ya kiatu bora. Wakati huo viatu vingi havikuwa na kushoto wala kulia. Jozi ilikuwa vipande viwili vinavyofanana, mguu ndio ulioambiwa utafute pa kukaa. Mwaka 1858 Hermann von Meyer, mwanaanatomia wa Zurich, akaja na kipimo ambacho fundi yeyote angeweza kukitumia: chora mstari kutoka katikati ya kisigino upite katikati ya kidole gumba, uwe mnyoofu, kisha shona kiatu kuufuata. Mafundi wachache walimsikiliza. Wateja walitaka ncha iwe katikati ya kiatu, na mguu wa binadamu hauna ncha katikati.

Ushahidi mkubwa ulipatikana mahali pa aibu. Mwaka 1904 mji wa St. Louis, Marekani, uliandaa maonyesho makubwa ya dunia, na miongoni mwa vilivyoonyeshwa walikuwamo watu. Waliletwa Wafilipino wa makabila mbalimbali, na Waafrika kutoka Kongo iliyokuwa ya Mfalme Leopold, mmoja wao akiwa Ota Benga, kijana wa Kimbuti ambaye miaka miwili baadaye angewekwa katika bustani ya wanyama ya Bronx, New York, pamoja na nyani. Daktari Phil Hoffmann alitumia nafasi hiyo kupima jozi 186 za miguu ya watu waliozoea kutembea peku, Wafilipino na Waafrika wa Kati. Mwaka uliofuata alichapisha alichokiona: vidole vimetawanyika mbele kama feni, kidole gumba kimefuata mstari wake, nundu hakuna. Akaongeza kwamba mguu wa Mzungu na wa Mwafrika hufanana hadi siku kiatu kinapoingia. Waliokusanywa St. Louis ili waonekane duni ndio waliokuwa na miguu mizima, na watazamaji wakarudi nyumbani wakichechemea.

Sasa ingefaa viatu vibadilike. Badala yake, mwaka huo huo wa 1904, William Scholl wa Chicago alianza biashara yake. Alizaliwa 1882 katika shamba huko Indiana, akajifunza ushonaji wa viatu, akauza viatu dukani, akasomea udaktari. Alianza na kitegemeo cha upinde wa wayo alichokisajili kwa jina la Foot-Eazer, na alikuwa na kawaida ya kuingia dukani na mifupa ya mguu mkononi, akaiweka juu ya kaunta kabla ya kusema lolote. Wauza viatu aliwasomesha kwa posta, nao wakawa washauri wa miguu. Katika orodha ya bidhaa zake kilikuwamo kipande cha mpira kilichoitwa Toe-Flex, cha kuchomekwa kati ya kidole gumba na cha pili ili kukinyoosha kilichopinda.

Kutenganisha vidole hakukuanza na Scholl. Waliotibu miguu kabla yake walitumia pamba, sufi na vipande vya kitambaa kizito. Alichofanya yeye ni kukipeleka kitenganishi dukani, kikae kwenye rafu moja na kiatu kilicholeta maradhi. Hapo ndipo ninapomwona mjanja. Mteja alitoka na kiatu chembamba na kabari ya kukaa ndani yake, amelipia vyote viwili, wala mwenye kiwanda cha viatu hakuulizwa kitu. Kabari ndani ya kiatu kilichobana haina pa kusukumia ila kwenye vidole vingine.

Pwani yetu, kwa njia nyingine, ilikuwa na kitu kati ya vidole hivyo hivyo: msuruaki, kile kijiti cha kushikwa kwa vidole kwenye mitawanda, viatu vya mti. Ila huo kazi yake ilikuwa kushikilia kiatu, haukuwa tiba, na mbele ya mtawanda hakuna ukuta wa kubana kidole.

Ushahidi dhidi ya kiatu nao haukukoma. Mwaka 1958 madaktari wa Hong Kong, Sim-Fook na Hodgson, waliwalinganisha Wachina waliovaa viatu na wasiovaa: nundu kwa asilimia 33 ya wa kwanza, 1.9 ya wa pili. Hata hivyo vitenganishi viliendelea kubaki kwenye maduka ya dawa za miguu na saluni za kucha hadi wakimbiaji walipovifufua. Kitabu cha Christopher McDougall cha 2009, Born to Run, kiliwatia watu hamu ya kukimbia peku, na Januari 2010 Daniel Lieberman wa Harvard akachapisha utafiti uliowahusisha vijana wa Bonde la Ufa, Kenya, waliokimbia bila viatu tangu utotoni. Silikoni laini ikachukua nafasi ya mpira: kifaa chenye matundu ya kupitishia vidole, unachoweza kukivaa ukiwa jikoni ukipika.

Je, kinanyoosha? Utafiti wa Iran uliochapishwa 2008 uliwafuatilia wanawake 30 wenye nundu inayouma. Waliovaa kitenganishi pamoja na soli ya ndani walipungukiwa na maumivu. Waliofungwa kifaa cha usiku hawakupata nafuu hiyo. Lakini pembe ya kidole haikubadilika kwa kundi lolote. Kwa mtu mzima, basi, silikoni hupoza, haitengenezi. Panapoonekana faida yake haraka ni kati ya kidole cha nne na cha mwisho, ambako ngozi husuguana ikatoa sugu laini yenye unyevu.

Ukitaka kujaribu, anza na karatasi. Simama juu yake bila soksi, mtu akuchoree mguu, kisha weka kiatu chako juu ya mchoro. Kikiwa chembamba kuliko mguu, kibadilishe kwanza, kabari ije baadaye na ivaliwe muda mfupi muda mfupi. Mwenye kisukari, au ambaye miguu imekufa ganzi, asiivae kabla ya kumwona daktari, maana kidonda kati ya vidole anaweza asikihisi mpaka kimeshaoza.